Matone ya Macho Yenye Antibayotiki na Steroidi: Mwongozo Kamili wa Kuyatumia kwa Usalama

Kichupa chenyewe ni kidogo, mara nyingi mililita 5, cheupe, kina kifuniko cha kuzungusha. Ndani yake zimo dawa mbili au tatu kwa pamoja: antibayotiki ya kuua bakteria na steroidi ya kutuliza uvimbe. Ukiidondosha dawa hiyo kwenye jicho jekundu linalowasha, mara nyingi kesho yake jicho limeshatakata. Ndiyo maana watu wanaipenda, na ndiyo maana imewaumiza wengi. Steroidi hutuliza wekundu, uvimbe na maumivu hata pale ugonjwa wenyewe unapoendelea kula jicho, na mgonjwa huamini kwamba amepona.

Mwongozo huu ni kwa aliyeandikiwa dawa hii na anataka kuitumia inavyostahili, kwa mzazi anayemwekea mtoto, na kwa yule mwenye kichupa kilichobaki kwenye droo anayefikiria kukitumia tena. Hauchukui nafasi ya kupimwa. Sehemu kubwa ya usalama wa dawa hii huamuliwa kabla tone la kwanza halijaingia jichoni, kwa hiyo tuanzie huko.

Ijue dawa uliyoishika

Chukua boksi, usome jina la kitaalamu, lile la maandishi madogo lililo chini ya jina la biashara. Majina ya biashara ni mengi na yanabadilika kila siku, ila dawa zilizomo ndani ni zilezile. Upande wa antibayotiki utakuta neomaisini, gentamaisini, tobramaisini, kloramfenikoli, ofloksasini, siprofloksasini au moksifloksasini. Upande wa steroidi utakuta zaidi deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni. Tobradex, kwa mfano, ni tobramaisini na deksamethasoni. Maxitrol ni deksamethasoni, neomaisini na polimiksini B.

Kwenye boksi majina ya steroidi huandikwa kwa Kiingereza, na mengi huishia na -sone au -lone: Dexamethasone, Betamethasone, Prednisolone. Ukiona mwisho huo kwenye dawa ya macho, jua umeshika steroidi, hata kama muuzaji amekuambia ni "antibayotiki tu". Kwangu mimi hii ndiyo elimu ndogo yenye faida kubwa kuliko zote katika jambo hili. Mtu akiijua, hadanganyiki tena na rangi ya boksi.

Zipo pia zenye ketorolaki au diklofenaki, dawa za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo steroidi, badala ya steroidi. Hizo hazipandishi presha ya jicho kama steroidi, lakini nazo zinaweza kuchelewesha kidonda cha jicho kupona, kwa hiyo si za kujinunulia.

Angalia vilevile boksi linasema dawa ni ya kiungo gani. Baadhi ya michanganyiko hii imeruhusiwa kwa macho na masikio, mingine kwa masikio peke yake, na vichupa vyake vinafanana mno. Dawa ya sikio peke yake haiingii jichoni kamwe. Na hata ile iliyoruhusiwa kwa vyote viwili, kichupa kilichokwisha kutumika sikioni kisihamishiwe jichoni, maana ncha yake imeshagusa uchafu wa sikio. Katika nyumba yenye gundi ya kubandikia viatu au kucha, gundi hiyo ikae mbali kabisa na dawa. Watu wamewahi kudondoshea gundi machoni kwa sababu vichupa vinalingana.

Inafaa lini, na inadhuru lini

Daktari wa macho ana sababu nzuri za kuandika dawa hii. Baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho huvimba na pia liko katika hatari ya kuingiwa na bakteria, hivyo mchanganyiko huu hutumika sana kwa wiki kadhaa huku dozi ikipunguzwa. Hutumika pia kwa baadhi ya uvimbe wa kope na wa utando wa jicho, baada ya daktari kulitazama jicho kwa darubini na kuona kwamba konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya weusi wa jicho, haina kidonda.

Shida iko kwenye macho mekundu ya kawaida. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania, na upande wa Kenya ukaenea Mombasa na kaunti jirani za pwani. Ugonjwa wa namna hiyo husababishwa na virusi. Antibayotiki haiui virusi, na steroidi inaweza kuvipa nafasi ya kukaa zaidi. Tiba yake kubwa ni usafi: kunawa mikono, kila mtu kuwa na taulo lake na foronya yake, kukandia kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi, na subira ya wiki moja mpaka mbili, mara nyingine tatu. Hata macho yenye matongo ya njano yanayotokana na bakteria, kwa kawaida hutibiwa kwa antibayotiki peke yake, kama matone ya kloramfenikoli au mafuta ya tetrasaiklini. Steroidi haihitajiki.

Yapo magonjwa matatu ambayo steroidi ikiyakuta hayajatambuliwa, huharibu.

La kwanza ni virusi vya malengelenge ya midomo vikiingia kwenye konea. Hufanya kidonda chenye matawi, ambacho huonekana vizuri daktari akiweka rangi maalumu na kumulika. Steroidi ikiwekwa juu ya kidonda hicho bila dawa ya virusi, kidonda hutanuka. Mkanda wa jeshi uliotokea kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua nao unaweza kuingia jichoni. Huyo ni mgonjwa wa hospitali siku hiyohiyo.

La pili ni fangasi, nao katika nchi zetu za joto si wachache. Mkulima anavuna mahindi, jani linampiga jichoni. Au mtu anakata miwa, anapasua kuni, anapura mpunga, kijiti kinamkwaruza. Siku chache baadaye jicho linauma, linatoa machozi, na doa jeupe linaanza kuonekana juu ya weusi. Ukimwekea huyu matone yenye steroidi, kwa siku mbili tatu atasema anajisikia nafuu, maana maumivu yamepungua. Wakati huohuo fangasi wanaendelea kuchimba, na konea inaweza kutoboka. Dawa ya fangasi wa macho ni nyingine kabisa; natamaisini, mojawapo ya hizo, iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Haipatikani kila kona, na ndiyo sababu mtu aliyekwaruzwa na mmea asipoteze siku akizunguka maduka ya dawa.

La tatu halina uchungu mwingi mwanzoni, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi: mzio wa macho kwa watoto. Mtoto anawashwa macho msimu kwa msimu, anasugua mpaka weupe wa jicho unakuwa wa rangi ya kahawia, kope za juu zinakuwa nzito. Mzazi ananunua kichupa, mtoto anatulia. Kikiisha, muwasho unarudi, kinanunuliwa kingine. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka. Steroidi hupandisha presha ya ndani ya jicho kwa baadhi ya watu. Takriban mtu mmoja kati ya watatu presha yake hupanda kwa kiasi, na wachache hupanda sana. Presha hiyo haiumi. Inabana mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mtoto anapoteza uoni wa pembeni, na siku mwalimu anapogundua kwamba mwanafunzi huyu anajikwaa na madawati, uoni uliopotea haurudi tena. Huo ndio ugonjwa wa glakoma. Macho ya muwasho yana dawa zake za muda mrefu zisizo na steroidi, na steroidi ikihitajika hutolewa kwa siku chache chini ya macho ya daktari.

Kwa hiyo, kabla ya kununua au kufungua kichupa, jiulize kama jicho lina mojawapo ya haya: maumivu ya kweli na si mchanga-mchanga tu; uoni uliopungua au wenye ukungu usioondoka hata ukipepesa; mwanga unaoumiza; doa jeupe juu ya weusi; kuumia kwa jani, kijiti, chuma au kucha; kuvaa lenzi za machoni; jicho moja tu kuwa jekundu sana kwa siku kadhaa; au upasuaji wa macho wa karibuni. Lolote kati ya hayo ni safari ya kliniki ya macho, si ya duka la dawa. Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja mwenye matongo na kope zilizovimba ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku. Na aliyemwagikiwa na kemikali, chokaa au sabuni kali, kwanza aoshe jicho kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 mpaka 30, ndipo akimbizwe hospitali.

Kwa mafundi wa kuchomelea nina neno moja la pembeni. Macho yakiwaka usiku baada ya kazi bila kioo cha kinga, mtu huletewa matone ya ganzi. Ganzi ya macho si dawa ya kwenda nayo nyumbani. Ikirudiwa-rudiwa inaozesha konea. Ikichanganywa na steroidi ndiyo hatari zaidi.

Ukiwa mbele ya anayekupa dawa

Hizi ni dawa za cheti. Mfamasia akikuuliza cheti usimwone mkorofi. Usiondoke dirishani kabla hujajua mambo manne: ni jicho gani, mara ngapi kwa siku, mpaka tarehe ngapi, na urudi lini kuangaliwa. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. "Tumia mpaka upone" si maelekezo yanayotosha kwa dawa yenye steroidi. Omba tarehe, na uiandike kwenye boksi kwa kalamu.

Maandishi ya cheti yana mitego. 1x4 ni tone moja mara nne kwa siku. RE ni jicho la kulia, LE la kushoto, BE yote mawili. Herufi OD zina maana mbili: katika dawa za kumeza ni mara moja kwa siku, ilhali madaktari wa macho huzitumia kwa jicho la kulia, wenzake OS likiwa la kushoto na OU yote mawili. Ukiona OD kwenye cheti cha macho, uliza. Usikisie.

Nawe umwambie mambo yanayokuhusu: kama kuna mtu wa damu yako mwenye glakoma, kama umewahi kupata malengelenge ya jichoni, kama una mimba au unanyonyesha, kama una kisukari, kama dawa yoyote ya jamii ya gentamaisini au neomaisini imewahi kukudhuru, na dawa nyingine zote za macho unazotumia, zikiwemo za kienyeji. Hizi za kienyeji zitajwe bila aibu. Maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani yaliyopondwa, vyote hivi watu huweka machoni, na vyote vinaweza kupeleka vijidudu kwenye kidonda. Daktari akijua, anatibu kwa usahihi.

Namna ya kudondosha, hatua kwa hatua

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, uifute kwa kitambaa safi. Hata kama haraka ipo, hatua hii hairukwi.

Kama jicho lina matongo, yasafishe kwanza. Chemsha maji, yaache yapoe, lowesha pamba au kipande cha kitambaa safi, kisha futa kutoka kona ya puani kwenda nje, mara moja tu kwa kila kipande. Usirudie kipande kilekile, wala usitumie cha jicho bovu kufutia jicho zima. Dawa ikidondoshwa juu ya matongo hutoka nayo.

Ondoa lenzi kama unavaa, na kwa kweli ukiwa na maambukizi usivae kabisa mpaka daktari akuruhusu.

Soma jina kwenye kichupa kila mara, hata kama ni cha jana. Ikiwa ni mara ya kwanza, hakikisha pete ya usalama haijakatika, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, halafu andika tarehe uliyofungua. Dawa nyingi za mchanganyiko ni za maji mazito yanayotuama: usipotikisa, matone ya mwanzo yanakuwa na dawa kidogo na ya mwisho yanakuwa na nyingi. Kikaratasi kikisema tikisa, tikisa kweli. Kifuniko ukikivua kilaze ubavu juu ya sehemu safi, mdomo wake usiguse meza.

Sasa keti au lala, inamisha kichwa nyuma, tazama juu. Kwa kidole cha mkono mmoja vuta kope ya chini polepole mpaka ifanye kijimfuko. Kwa mkono mwingine shika kichupa juu ya kijimfuko hicho, kama upana wa kidole kutoka jichoni, ubonyeze tone moja. Ncha isiguse kope, nyusi, wala jicho. Ikigusa mara moja, bakteria wa kope wanaingia ndani ya chupa, nawe utakuwa unawarudisha jichoni kila siku. Anayetetemeka aegemeze mkono wake kwenye paji la uso au shavuni.

Tone moja linatosha. Kijimfuko cha jicho hakiwezi kubeba hata tone moja zima la vichupa vingi. Kinachozidi hutiririka shavuni au huingia puani. Matone mawili matatu kwa mkupuo hayaponyi haraka. Yanamaliza dawa, na yanaongeza kiasi cha steroidi kinachoingia mwilini. Kama tone limekosea njia na kuangukia shavuni, hapo ndipo unapoweka jingine.

Fumba jicho taratibu, bila kukaza wala kupepesa-pepesa. Weka kidole kwenye kona ya ndani, pale jicho linapokutana na pua, ubonyeze kidogo kwa dakika moja mpaka mbili. Kuna tundu pale linaloshusha machozi mpaka puani na kooni. Ndiyo sababu wengine husikia uchungu wa dawa mdomoni. Ukilibana, dawa inabaki jichoni inakotakiwa. Watu wengi hawajawahi kuambiwa hatua hii, na kwa watoto, ambao miili yao ni midogo, ina uzito zaidi.

Futa kilichomwagika, funika kichupa bila kuifuta ncha, nawa mikono tena. Uoni ukiwa na ukungu kwa dakika chache ni kawaida, ila usiendeshe bodaboda wala kushika mashine mpaka uone sawasawa.

Ukiwa na dawa mbili za macho, ziachanishe kwa dakika 5 au zaidi, vinginevyo ya pili inaisukuma ya kwanza nje. Mafuta ya jicho huwekwa mwisho, kwa sababu matone hayapenyi vizuri juu ya mafuta.

Ukisahau dozi, weka unapokumbuka. Kama saa ya dozi inayofuata imekaribia, acha iliyopita uendelee na ratiba. Usifidie kwa kuweka mara mbili.

Mtoto, mzee na mfungaji

Mtoto mdogo asishikwe kwa nguvu na watu watatu. Atachukia dawa zote za baadaye. Mlaze chali, mwambie afumbe macho, dondosha tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha mwambie afumbue. Tone litaingia lenyewe. Kichanga mfunge kwa kanga mikono ikiwa ndani, mwekee akiwa ametulia. Dawa hizi kwa mtoto zitumike kwa agizo la daktari tu, na tarehe ya mwisho iheshimiwe bila mjadala.

Mzee anayeishi peke yake baada ya kutolewa mtoto wa jicho mara nyingi hukosea shabaha na kuona haya kusema. Mwombe adondoshe mbele yako mara moja, uone. Kama hawezi, mpangie mjukuu au jirani kwa saa zinazojulikana, zikiambatana na mambo ya kila siku: asubuhi, adhuhuri, alasiri na kabla ya kulala.

Katika Ramadhani wapo wanaoacha dawa mchana kutwa kwa kuogopa kubatilisha funga. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, dawa ya kudondoshea jichoni haibatilishi funga hata kama ladha yake imefika kooni. Mwenye shaka amuulize sheikhe wake mapema, na amweleze daktari, badala ya kukata dozi kimyakimya wiki ya kwanza baada ya upasuaji.

Ukiona mabadiliko

Kuchoma kidogo kwa sekunde chache si jambo la kutisha. La kutisha ni hili: umeanza dawa, siku ya tatu au ya nne kope zimevimba, ngozi chini ya jicho imekuwa nyekundu na inawasha, hivyo unaongeza dozi ukidhani ugonjwa umezidi. Huenda ni mzio wa dawa yenyewe, na neomaisini inajulikana sana kwa hilo. Acha kuongeza, rudi kwa aliyekuandikia pamoja na kichupa.

Kama maumivu yamezidi, uoni umeshuka, au doa jeupe limetokea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kama siku mbili tatu zimepita na hakuna nafuu yoyote, rudi pia, usibadilishe duka.

Ukiona nafuu mapema usiache njiani bila kuuliza. Na aliyetumia steroidi kwa wiki kadhaa, hasa baada ya upasuaji, asikate ghafla: dozi hushushwa hatua kwa hatua, mfano kutoka mara nne kwa siku hadi tatu, mbili, moja, kwa ratiba ya daktari, kwa sababu uvimbe unaweza kurudi kwa kishindo. Ikiwa matibabu yanafikia siku 10 au zaidi, presha ya jicho inapaswa kupimwa. Kipimo ni cha dakika chache. Kwa kawaida presha huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Uliza yako ni ngapi, uiandike.

Kuhifadhi, na kile kinachobaki

Soma boksi. Nyingi hukaa mahali pa baridi kiasi pasipo na jua, chini ya nyuzi 25 au 30. Baadhi, hasa zenye kloramfenikoli, hutakiwa kukaa kwenye friji bila kuganda. Nyumba ya bati saa nane mchana, dashibodi ya gari na mfuko wa suruali havifai. Kichupa kikishafunguliwa, maisha yake ni wiki nne isipokuwa kikaratasi kiseme vingine. Tarehe iliyochapwa kwenye boksi ni ya kichupa kilichofungwa.

Hesabu ndogo inaeleza tatizo la mabaki. Kichupa cha mililita 5 kina takriban matone 100 au zaidi. Jicho moja, mara nne kwa siku, kwa siku saba, ni matone 28. Zaidi ya nusu inabaki, na mkono unashindwa kutupa kitu kilichogharimu pesa. Hapo ndipo kinapoanza kuzunguka ukoo mzima.

Kwenye kaunta ya dawa mazungumzo haya yanajirudia. Mama wa makamo anafungua pindo la kanga, anatoa kichupa kitupu, maandishi yameshafutika kwa kushikwa-shikwa.

"Mwanangu, nipe kama hii."

"Shikamoo mama. Nani alikuandikia?"

"Marahaba. Alinipa wifi yangu, alipotolewa mtoto wa jicho. Yeye ilimsaidia sana."

"Na wewe macho yanakusumbua nini?"

"Yananiwasha tu, na siku hizi kwa pembeni sioni vizuri."

Mama huyo hahitaji kichupa cha pili. Anahitaji kupimwa presha ya macho wiki hiyo. Wifi yake hakukosea kutumia dawa. Aliandikiwa, alifuatiliwa, akaisimamisha kwa ratiba. Dawa ileile kwa jicho jingine ni habari nyingine. Kichupa kisigawiwe, hata kwa mtoto wa nyumba ileile mwenye macho yanayofanana.

Wiki nne zikitimia, au tarehe ya daktari ikifika, kirudishe famasi kama wanapokea. Kama hawapokei, changanya kilichobaki na majivu au udongo ndani ya mfuko, ufunge, utupe na taka mahali ambapo watoto hawafiki.

Kama umeshaitumia kwa miezi

Huenda umesoma mpaka hapa ukijua kwamba kichupa hicho kimo nyumbani mwako tangu mwaka jana. Usikitupe leo kwa hofu na kukaa kimya. Kusanya vichupa vyote ulivyonavyo, na vilivyoisha, na vya mtoto, uende kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa au kaunti, au hospitali zenye idara kubwa za macho kama CCBRT na Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au hospitali ya macho ya Kikuyu nchini Kenya. Mwambie daktari wazi: nimetumia steroidi ya macho kwa muda kadhaa. Omba mambo matatu: presha ya macho yote mawili ipimwe, mshipa wa nyuma ya jicho uangaliwe, na lenzi ya ndani itazamwe kama haijaanza kufanya ukungu, kwa sababu steroidi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho, hata kwa kijana.

Mara nyingi presha iliyopandishwa na matone hushuka wiki chache baada ya dawa kusimamishwa kwa utaratibu, kwa hiyo kuwahi kuna faida. Isiposhuka, yapo matone ya kuishusha, na upasuaji pia. Daktari atakupa tarehe ya kurudi hata kama kipimo cha kwanza ni kizuri. Rudi tarehe hiyo, na kama mgonjwa ni mtoto, mwulize daktari pia ni dawa gani itumike muwasho ukirudi msimu ujao, uwe nayo kabla hajaanza kusugua macho.